Anahamia kwetu, mimi nataka kubaki kwao

SWALI

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 26. Nilikuja Hamburg, Ujerumani, kusoma shahada ya pili ya usafirishaji wa mizigo. Matokeo yametoka juzi na nimefaulu, namshukuru Mungu. Kibali changu cha mwanafunzi kinaisha mwisho wa Septemba, ndiyo maana nakuandikia sasa, maana usingizi umeniruka.

Nina mpenzi, nitamwita M. Ni mtoto wa hapahapa Hamburg. Tulikutana chuoni kwenye mpango wa kubadilishana lugha: yeye alikuwa anasoma Kiswahili, mimi nahangaika na Kijerumani. Ni mtu mpole. Hajawahi kunipandishia sauti, na tukikosana hatulali kabla ya kusemezana. Barua za ofisini zikija na Kijerumani chake kigumu, anakaa nami tunazisoma mstari kwa mstari mpaka nielewe.

Tatizo ni hili. M. amepata kazi Dar es Salaam, mkataba wa miaka 2, anaripoti Novemba. Aliwahi kukaa Dar muhula mmoja na tangu arudi ni Dar tu mdomoni: kivuko cha Kigamboni, chipsi mayai za usiku, watu wanavyosalimiana njiani. Aliponipa habari alinishika mikono akasema, "Tunarudi nyumbani." Nikalia. Akadhani nalia kwa furaha, na mimi sikumsahihisha.

Ukweli ni kwamba sitaki kuondoka. Mji huu nimeupenda, mama. Nikiwa na mawazo napanda kivuko namba 62 pale Landungsbrücken, tiketi yake ni ileile ya basi na treni. Nakaa juu, upepo wa mto Elbe unanipiga hadi Finkenwerder na kurudi, winchi zinanyanyua makontena ng'ambo. Kuna handaki la zamani linalopita chini ya mto tangu 1911. Unashuka kwa ngazi au kwa lifti, unatembea kwa miguu, na ukutani kuna vigae vyenye picha za samaki. Jumapili asubuhi kuna soko la samaki Altona, wauzaji wanapaza sauti utadhani uko mnadani Deep Sea kwetu Tanga. Hata mvua ya hapa nimeizoea nikaipenda. Na zaidi ya yote, hapa naweza kutoka saa 4 usiku na hakuna anayeniuliza natoka wapi, mimi ni mtoto wa nani.

Ofisini ninakofanya kazi ya muda, msimamizi wangu amedokeza kwamba nafasi ya kudumu inaweza kupatikana. Haijaandikwa popote.

Marafiki wamegawanyika. Mmoja anasema tufunge ndoa haraka, mambo yote yatanyooka. Mwingine anasema, "Mwanamke gani anaacha mwanamume mwema kwa ajili ya mji? Mji utakuuguza?" Wa tatu yuko Dar, ananiuliza nitapendaje mji ambao mwaka 1922 uliisimamisha mbele ya chuo chake sanamu ya Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani, iliyotoka Dar es Salaam. Nikamjibu kwamba wanafunzi wa mji huohuo ndio walioiangusha mwaka 1968. Lakini swali lake limenikaa.

Mama yangu hajui habari za M. Anachojua ni kwamba narudi, ameshapaka rangi chumba changu. Sasa M. anasema akishafika Dar, atapanda basi aende Tanga kumsalimia, niwepo nisiwepo.

Je, mimi ni mbinafsi? Nampenda kweli, au nilimpenda kwa sababu ya Hamburg? Nifanye nini?

Binti wa Tanga, Hamburg

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kufaulu. Umelitaja jambo hilo kwa sentensi moja kisha ukakimbilia kwenye machungu. Shahada ya pili kwa lugha ya ugenini si kitu kidogo, na tutaona hapa chini kwamba ndiyo inayokupa nafasi ya kuchagua.

Nikikuelewa sawasawa, unampenda M. na yeye anakupenda, hakuna ugomvi wala usaliti kati yenu. Kinachowatenganisha ni kwamba kila mmoja ameupenda mji wa mwenzake. Hakuna mkosaji wa kumlaumu, na penzi la namna hii ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa mtu hapati hata hasira ya kumsaidia kuondoka.

Umeliweka jambo lenyewe kama mizani ya sahani mbili, mtu na mji. Rudia kusoma barua yako, utaona kitu cha tatu. Umesema "zaidi ya yote", kisha hukutaja mto wala handaki. Ulitaja kutembea usiku bila kuulizwa wewe ni mtoto wa nani. Huyo ni wewe mwenyewe, yule uliyekuwa huko. Inawezekana unachoogopa kukiacha si Hamburg peke yake, ni huyo msichana. Nakuuliza, wala sikuhukumu: huyo msichana anaweza kuishi Dar, kwenye nyumba anayoilipia mwenyewe, kwa mshahara wake? Dar si Tanga, na kurudi Tanzania si lazima kuwe kurudi kwenye chumba cha nyumbani. Pengine jibu ni hapana, kwa sababu binti mwenye mpenzi wa kigeni huangaliwa na macho mengi hata Dar. Lijibu kwanza hilo kabla ya kuamua mengine.

Kuhusu mji, kuna jambo nataka uliangalie. Hamburg unayoipenda ni Hamburg ya mwanafunzi. Siku chuo kitakapokufuta kwenye orodha, tiketi ya wanafunzi inakwisha na bima ya afya ya bei ya mwanafunzi inakwisha. Asiye na ajira hujilipia bima kwa hiari, na kiwango cha chini hupita yuro 200 kwa mwezi. Kama uko hosteli ya wanafunzi, mkataba nao una mwisho, na kutafuta chumba cha kawaida Hamburg ni kazi ya miezi. Mwenye nyumba hutaka hati za mshahara za miezi 3, cheti kwamba huna madeni, na dhamana ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi 3 kabla ya gharama za maji na kupasha joto. Mshahara wa yuro 3,600 ukishakatwa kodi na michango, mtu asiye na ndoa hubaki na takriban 2,300 hadi 2,400. Na Desemba jua huchomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi na kuzama saa 10 jioni, maana yake mwajiriwa anakwenda ofisini gizani na kurudi gizani. Sikutishi. Wengi wameyapitia hayo na bado wanaupenda mji. Ila upendo wako kwa Hamburg hiyo haujapimwa bado.

Na wa M. haujapimwa vilevile. Dar aliyoijua ni ya muhula mmoja. Hajatafuta nyumba kwa dalali anayetaka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Kibali cha kazi cha mgeni Tanzania hufungwa kwa mwajiri wake, kwa hiyo mkataba ukivunjika na kibali kinakufa. Yaani naye atakuwa mgeni mwenye tarehe ya mwisho kwenye pasipoti, kama wewe ulivyo sasa.

Hapo ndipo naona swali lako la "nampenda kweli?" linapopata mwanga. Umemjua M. akiwa mwenyeji. Yeye ndiye anayesoma barua za ofisini, anayejua mlango upi wa kugonga. Hujamwona akiwa mgeni anayekutegemea wewe: umsemee kwa mtendaji wa mtaa, umweleze kwa nini wameamua kumcheleweshea umeme, umtulize. Mapenzi hubadilika anayeongoza anapokuwa anayeongozwa. Mengine huimarika hapo, mengine hunyauka. Hutalijua hilo kwa kuwaza ukiwa kwenye kivuko.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu nahofia tarehe ya Septemba ikuamulie jambo ambalo ni la moyo wako. Sheria ya Ujerumani inampa mgeni aliyehitimu chuo cha huko kibali cha kutafuta kazi hadi miezi 18, na huhesabiwa tangu upate matokeo rasmi. Muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote, hata ya kutwa, na kazi isiyohusiana na ulichosomea. Lazima uombe kabla kibali cha sasa hakijaisha. Ukiomba ndani ya muda, haki za kibali cha zamani huendelea mpaka uamuzi utoke, na ofisi hukupa cheti cha muda cha kuonyesha hivyo. Ukichelewa hata siku moja, umejitafutia balaa. Miadi ya ofisi ya uhamiaji hujaa wiki nyingi mbele, kwa hiyo omba sasa hivi, na utunze ushahidi kwamba uliomba. Andaa barua ya matokeo, uthibitisho wa anuani uliyosajiliwa, bima ya afya, taarifa ya benki kuonyesha utajikimu vipi, picha na ada ya takriban yuro 100. Tazama pasipoti pia: kama inakaribia kuisha, anza na ubalozi wetu Berlin, kwa sababu kibali hakipewi muda unaozidi pasipoti.

Kuomba kibali hiki si kumwacha M., wala si kumwambia mtu yeyote kwamba umeamua kubaki. Ni kununua muda. Hata kama mwishowe utapanda ndege naye, ni afadhali uondoke ukiwa na kibali mkononi.

Ukibaki yeye akaenda, angalia hesabu ya tarehe. Miezi 18 yako itaisha kabla ya miaka 2 yake. Huwezi kusema "nitamsubiri Hamburg" bila kuwa umepata ajira katikati, na dokezo la msimamizi si ajira. Mwombe mazungumzo rasmi, uulize cheo, tarehe na mshahara wa mwaka. Mshahara una maana kwenye vibali: mwaka 2025 kiwango cha Blue Card, kibali cha Ulaya cha wasomi wenye ajira, kwa aliyehitimu ndani ya miaka 3 kilikuwa yuro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato, na hubadilishwa kila mwaka. Chini ya hapo bado kuna kibali cha kawaida cha mfanyakazi mwenye taaluma. Kwa mwenye shahada ya Ujerumani, miaka 2 ya kibali hicho pamoja na michango ya pensheni na Kijerumani cha kiwango cha kati, B1, vinaweza kukufikisha kwenye ukaazi wa kudumu. Kuhusu mapenzi ya mbali, saa zenu zitakuwa karibu: tofauti ni saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi. Hilo ni jema, na pia lina mtego wake, kwa maana mnaweza kushinda kwenye simu jioni zote na kila mmoja asianze maisha ya mahali alipo. Mkichagua njia hii, kubalianeni mapema nani atasafiri lini, na ni mwezi gani mtakaa tena kuulizana kama bado mnataka.

Ukienda naye, mlango wa Hamburg haufungwi siku unapoondoka, lakini hauachwi wazi pia. Kibali cha Ujerumani hufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6, au hata mapema zaidi ukiondoka kwa nia ya kuhama moja kwa moja. Ukihitaji muda mrefu zaidi, omba kwa maandishi kabla ya kuondoka, na usiende mpaka upate jibu la maandishi. Kikishakufa, shahada yako bado inafanya kazi: ipo kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mwenye taaluma inayotambuliwa kuingia Ujerumani hadi mwaka 1 kutafuta kazi, akithibitisha fedha za kujikimu. Na usidhani Tanzania haina kazi ya taaluma yako. Gati la Tanga limechimbwa hadi kina cha mita 13, meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari huko nangani. Bandari zetu zinahitaji watu waliosoma ulichosoma. Hatari ya njia hii ni kwenda kwa ajili yake tu. Miezi michache baadaye, foleni ya Mwenge ikikuchosha, utamtazama kama mtu aliyekunyang'anya mji. Ukienda, nenda ukiwa na kazi au mpango ulio wako.

Ushauri wa ndoa ya haraka nauelewa unakotoka, lakini kwenu hautatui kitu. Kibali cha mwenza Ujerumani hutolewa kwa ajili ya kuishi pamoja Ujerumani. M. akiwa Dar, cheti cha ndoa hakikuweki Hamburg. Na hata mngekuwa wote huko, ndoa ikivunjika kabla ya miaka 3 ya kuishi pamoja, kwa kawaida haki ya mwenza ya kubaki hutetereka. Wewe una njia yako mwenyewe kwa shahada yako, usiibadilishe na inayotegemea mtu mwingine. Mkitaka kuoana kwa sababu mnataka kuoana, Tanzania mtatoa taarifa ya siku 21 kabla. Ujerumani jiandaeni kwa miezi ya kukusanya, kutafsiri na kuhakiki vyeti. Na mkichagua kukaa pamoja Dar bila ndoa, fahamu kwamba sheria yetu ya ndoa ya 1971 inaweza kuwachukulia kama mke na mume mkiishi hivyo miaka 2 na jamii ikiwatambua hivyo. Hujataja dini zenu. Sitakisia, ila lizungumzeni sasa, kabla wazee hawajalizungumza kwa niaba yenu.

Iko pia njia ya kuagana. Sikusukumi huko, lakini hata kama nisingeitaja, ingebaki pale pale. Watu wawili wanaweza kupendana na bado wakatakiana heri. Ukiichagua, ichague kwa kumwambia mtu macho kwa macho, isijitokeze yenyewe kwa simu zinazopungua.

Yule rafiki aliyeuliza kama mji utakuuguza ana hoja kidogo. Mji hauuguzi mtu, watu wa mji ndio wanaouguza. Hesabu basi: ukimtoa M., una nani Hamburg wa kumpigia ukilazwa? Kama wapo, upendo wako una mizizi. Kama wote ni marafiki wa M., lijue hilo mapema. Na swali la sanamu usilikimbie. Mtu anaweza kuupenda mji huku akijua ulichotufanyia. Jibu ulilompa lilikuwa zuri. Endelea kukaa na swali lenyewe.

Ubinafsi? Kutaka maisha fulani si ubinafsi. Kumwacha M. afunge mizigo akiamini ulilia kwa furaha, huko ndiko kunakoweza kumwumiza. Na yeye pia alisema "tunarudi" kabla ya kukuuliza, jambo ambalo una haki ya kumwambia. Mketi wiki hii, nyumbani, mezani, si bandarini wala kwenye handaki mnalolipenda, ili mazungumzo yakiwa magumu usije ukashindwa kupita tena pale. Anza na yale machozi. Kisha muulize angefanya nini kama kazi hii isingetokea, na kama kuna siku anajiona akirudi kuishi Ujerumani. Msikilize mpaka mwisho kabla ya kumwambia yako.

Lililobaki ni safari ya Tanga, na hili halisubiri. M. asiende peke yake kwa mama yako. Kwake ni adabu njema, kwetu kijana akibisha hodi kwa wazazi wa binti bila mshenga na bila wewe kusema neno, mama ataaibika mbele ya majirani na atajiuliza umemficha nini kingine. Kama kuna posa, iende kwa barua na mshenga, mtu mzima anayeheshimika. Kama hakuna posa bado, asiende kabisa mpaka useme wewe. Kumwambia mama moja kwa moja kukikushinda, mpigie kwanza mama mdogo au shangazi unayemwamini, mweleze yote, pamoja na kwamba hujaamua kurudi, umwombe akuandalie njia. Kisha mpigie mama mwenyewe ndani ya siku hizohizo, mpe muda wa kukasirika, umpigie tena.